Sangara anagonga, anaruka, anaondoka: tatizo liko wapi?

Msomaji mmoja wa Mwanza kaniuliza hivi: "Mtaalamu habari. Nina fimbo ya futi 7, rili saizi 4000, nailoni ya ratili 20 na rapala tano (vile visamaki bandia vyenye ndoano) nilizoagiza mtandaoni. Mimi na mwenzangu wikendi tunatoka na mtumbwi wa injini ya farasi 15 Ziwa Victoria upande wa Ukerewe, tunaburuta rapala nyuma ya mtumbwi. Sangara wanagonga lakini tunaowapakia ni wachache sana, anagonga, anaruka juu, anatikisa kichwa, katoka. Mmoja kaninyooshea ndoano kabisa ikabaki kama msumari. Ninunue fimbo kubwa zaidi au nibadilishe rapala? Na kipande cha waya kabla ya rapala ni lazima? Kuna mtu kaniambia bila waya nitapoteza wote."

Kaka, pole kwanza, ila ngoja nikuokolee hela. Fimbo yako haina kosa na rapala zako hazina kosa, samaki wanagonga, maana yake mnapita walipo na wanakitaka mnachowaonyesha. Hiyo ndo sehemu ngumu na mmeshaivuka, kuna watu wanaburuta kutwa nzima hawaguswi hata mara moja. Kinachowaangusha ni vitu vidogo vya mwisho wa mshipi, yaani ndoano, pete zake, breki ya rili, halafu na kile mnachofanya zile sekunde chache baada ya samaki kugonga. Hela ya fimbo mpya anza kuigawa humo.

Tuanze na ndoano iliyonyooka. Rapala nyingi unazoagiza zinakuja na ndoano za meno matatu zenye waya mwembamba, zimetengenezwa kwa samaki wa Ulaya na Marekani wa kilo mbili tatu, kule zinatosha kabisa. Sangara wa kilo 15 akigeuka na kuondoka, uzito wote unakaa kwenye jino moja tu la ndoano, maana mara nyingi linaloshika ni moja, yale mengine mawili yanaelea hewani au yanagusa mfupa wa taya na kuwa kama wenzo wa kung'olea lile lililoshika. Kwahiyo toa zote. Weka ndoano nzito, zile zinazoandikwa 4X kwenye pakiti, au hata bora zaidi mimi napenda ndoano moja moja nene zenye jicho lililogeuzwa, moja tumboni na moja mkiani. Ndoano moja inazama ndani zaidi, haina wenzo wa kuing'oa, na ukitaka kumrudisha samaki majini unaitoa kwa sekunde tano. Ila ukibadilisha ijaribu pembeni ya mtumbwi kabla ya kwenda kazini, kwasababu uzito ukizidi rapala inaacha kucheza, inakuja tu imenyooka, na sangara hana haja na kitu kisichotikisika.

Zile pete ndogo zinazoshika ndoano nazo toa weka nzito. Watu wanabadilisha ndoano wanasahau pete, samaki anafungua pete anaondoka na ndoano mpya kabisa mdomoni.

Halafu kunoa. Mdomo wa sangara ni mgumu, mifupa mingi na nyama kidogo, ndoano butu inateleza juu ya mfupa mpaka inafika nje. Nunua tupa ndogo, noa kila mkitoka na kila rapala ikigusa mwamba. Kipimo chake, weka ncha kwenye ukucha wa dole gumba uivute taratibu bila kukandamiza, ikiteleza bado, ikikwama palepale iko sawa.

Kuhusu waya, hapana, sio lazima, na aliyekwambia hivyo nadhani amezoea samaki wengine. Waya unahitajika kwa samaki wenye meno ya kukata kama wale kibebe wa Tanganyika au wenzao wakali wa Rufiji na Kilombero, hao bila waya wanakata uzi wowote. Sangara meno yake ni madogo madogo yamejazana, ukiyapapasa yako kama msasa, hayakati, yanasugua. Kinachokata ni kile kifuniko cha shavu, kingo zake ni kali na kina mwiba, samaki akijiviringisha kwenye uzi ndo unasikia pah. Na miamba, maana akishikwa anarudi kwenye mawe. Dawa yake ni kipande cha nailoni nene cha ratili 80 mpaka 100, urefu wa mita moja na nusu au mbili, kati ya uzi wako mkuu na rapala. Baada ya kila samaki kipitishe kati ya vidole, ukihisi mikwaruzo kata hiyo sehemu ufunge upya, usikionee huruma.

Uzi mkuu ndo ningekushauri ubadilishe kweli. Nailoni ya ratili 20 ni kama kilo 9 tu, na ina tabia ya kuvutika sana, ukiwa umeachia mita 40 nyuma ya mtumbwi samaki akigonga nusu ya nguvu inaishia kwenye kurefuka kwa uzi, ndoano haizami. Weka uzi wa kusuka wa ratili 50. Haurefuki, na ni mwembamba, nailoni yenye nguvu hiyohiyo ni nene karibu mara mbili, na wembamba ndo unaifanya rapala izame chini zaidi kwa sababu maji hayaushikilii uzi. Ila uzi wa kusuka unateleza kwenye ngoma ya rili, unakuta unazungusha mkono na ngoma yote ya uzi inazunguka peke yake, kwahiyo tanguliza mizunguko ya nailoni kidogo chini yake. Mafundo nayo yanateleza, usitumie fundo ulilozoea la nailoni. Kwenye rapala au kwenye swiveli (kile kiungo kinachozunguka ili uzi usijisokote) funga fundo la Palomar, kuunganisha uzi wa kusuka na nailoni nene jifunze fundo la FG, linasumbua mwanzoni, kaa nyumbani jioni ulifunge mara nyingi mpaka mikono izoee, sio ulijifunze mtumbwini mawimbi yanapiga. Na kila fundo lilowanishe kwa mate kabla ya kulikaza, likikazwa kavu linajichoma lenyewe.

Sasa breki. Hapa ndo naona wengi wanakosea, mtu akisikia sangara ni mkubwa anafunga breki mpaka mwisho. Ndoano yako kunyooka ni dalili ya hilo, rili haikutoa uzi ilipotakiwa kutoa. Breki iwe robo mpaka theluthi ya nguvu ya uzi, yaani uzi wa ratili 50 ambao ni karibu kilo 22, breki ianze kutoa uzi kwenye kilo 6 hivi. Usikisie kwa mkono. Chukua mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia samaki mwaloni, funga uzi kwenye ndoano ya mizani, fimbo ikiwa imepinda kama unapigana na samaki, mwenzako avute taratibu asome inaanza kutoa kwenye kilo ngapi. Mkimaliza kazi ilegeze kabisa ili vile visahani vya ndani visikandamizwe wiki nzima.

Rili ya 4000 kwa kuburuta ni ndogo kwa kweli, haina nafasi ya uzi wa kutosha. Hela ikipatikana tafuta rili ya ngoma, ile inayokaa juu ya fimbo, inayobeba mita 300 za uzi huo, na fimbo fupi nene ya futi 6 au 6 na nusu. Nimesema ikipatikana. Rekodi ya dunia ya sangara kwa fimbo ni kilo 104, alivuliwa Ziwa Nasser kule Misri mwaka 2000, na vifaa vinavyotumika huko ni vya kawaida tu vya mtumbwi, hakuna fimbo za kuvulia papa. Ukiwa na maji mapana na uzi wa kutosha samaki mkubwa anachoka. Anayepotea ni yule aliyeshikwa na ndoano mbovu.

Tuje kwenye kuruka. Sangara anaruka hasa maji yakiwa mafupi, anapanda juu, anafungua mdomo wote, mashavu yanapanuka, anatikisa kichwa kushoto kulia na ile rapala inapigapiga kwa uzito wake yenyewe mpaka inang'oka. Ukiona uzi unapanda juu haraka ujue anakuja kuruka, wewe shusha ncha ya fimbo, iwe chini karibu na maji na pembeni, endelea kuzungusha rili uzi usilegee hata kidogo. Watu wengi wanafanya kinyume chake, samaki anaruka na wao wanainua fimbo juu kwa furaha, wanamsaidia kutoa kichwa nje ya maji. Na anayeendesha injini asizime mara tu samaki anapogonga, hili nalisisitiza sana. Aendelee mbele kwa sekunde nne tano, mwendo wa mtumbwi ndo unazamisha ndoano, halafu apunguze taratibu, aweke huru, ageuze pua ya mtumbwi kidogo ili samaki awe ubavuni asiwe nyuma kwenye panga la injini. Mkizima ghafla uzi unalegea, na sangara anahitaji ulegevu wa sekunde moja tu.

Mtihani wa mwisho ni pembeni ya mtumbwi. Anaonekana amechoka, analala ubavu, mnasogea kumshika, anaona mtumbwi anashuka chini kwa nguvu zote. Kama breki umeikaza wakati wa kumvuta hapo ndo uzi unakatika. Mwacheni aende, atarudi. Mshikaji avae glovu, amshike taya la chini, asiingize vidole kwenye mashavu, vile vifuniko vinachana mkono vibaya sana. Kama mna neti kubwa ya mpini ni bora zaidi, kulabu itumike kwa samaki ambaye mmeshaamua mnamla.

Hukuuliza kuhusu wapi na kina gani ila nitasema maana samaki mmoja akipatikana mtataka mwingine. Sangara anakaa pembeni ya vitu. Visiwa vya mawe, ncha za ardhi zinazoingia ziwani, mwamba unaoshuka ghafla kutoka mita 4 kwenda 12, mkondo kati ya kisiwa na kisiwa. Pande zenu za Ukerewe na Ukara mpaka Ghuba ya Speke hayo maeneo yamejaa. Chagua upande ambao upepo unapiga, najua ni usumbufu lakini upepo unasukuma dagaa na furu kwenye mawe na sangara anawafuata hukohuko. Kama unaweza kupata kile kifaa kidogo cha kupima kina kwa mawimbi ya sauti, kinunue kabla ya fimbo, kama huwezi tumia bildi ya kawaida ya kamba na chubwi, na andika kwenye daftari.

Rapala yenye mdomo mrefu inazama zaidi, yenye mdomo mfupi inakaa juu, lakini namba zilizoandikwa kwenye boksi ni za uzi fulani na mwendo fulani, kwahiyo pima mwenyewe, pitisha rapala sehemu unayojua ni mita 5, ikigusa chini unajua, ongeza au punguza uzi mpaka ujue kila rapala na urefu wa uzi inafika wapi. Uzi wa kusuka wenye rangi zinazobadilika kila mita 10 unasaidia sana hapa, samaki akigonga unasema rangi ya nne, mnarudia rangi ya nne. Nataka rapala ipite mita moja au mbili juu ya mawe, sio iyagonge muda wote, ikigusa mara mojamoja ni vizuri, wengi wanagonga palepale ikishatoka kwenye jiwe.

Mwendo uwe kilomita 4 mpaka 6 kwa saa. Injini ya farasi 15 kwenye mtumbwi mwepesi hata ikiwa chini kabisa mara nyingi inazidi hapo, fungeni ndoo kwa kamba nyuma iburutwe, inapunguza mwendo vizuri tu. Msiende mnyoofu, pindapindeni, mkipinda rapala ya nje inakimbia na ya ndani inapunguza, ukiona zinazogongwa ni za nje kila mara ongezeni mwendo, za ndani punguzeni. Tazama ncha ya fimbo, lazima itetemeke muda wote, ikiacha kutetemeka rapala imeshika gugu maji, vuta usafishe, usikae saa nzima unaburuta majani. Na kama rapala inakuja imelalia upande mmoja, ikivutia kushoto pinda kile kijicho cha mbele kidogo sana kwenda kulia kwa koleo, jaribu tena.

Maji yetu ni ya kijani, huoni mbali, kwahiyo sangara anasikia kabla hajaona. Chagua rapala za sentimita 14 mpaka 18 zenye mtikisiko mpana, zenye gololi ndani ni nzuri. Rangi msihangaike nazo sana, iwepo moja nyeusi ya asubuhi sana na jioni, moja ya dhahabu, moja ya kijani na njano yenye mistari, inatosha.

Kuna jambo la hewa ambalo wengi hawalijui. Kuanzia kama Oktoba mpaka Machi ziwa linajigawa matabaka, ya juu yenye joto na ya chini yenye baridi, na yale ya chini yanaishiwa oksijeni. Sangara hawezi kuvumilia maji yenye hewa kidogo, sio kama kambale au kamongo ambao wanaweza kupanda wakavuta hewa ya juu. Kwahiyo miezi hiyo kuzamisha rapala mita 40 ni kupoteza mafuta, wengi wako juu ya lile tabaka. Mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2021 watu Uganda na Kenya waliona sangara wakubwa wamekufa wanaelea mpaka ufukweni, wakapata hofu ya sumu, na maelezo yaliyotolewa ni hayo ya upungufu wa oksijeni, dhoruba ikishakoroga maji ya chini yakapanda. Juni mpaka Agosti upepo wa kusini mashariki unachanganya ziwa, samaki wanaweza kuwa kina chochote, hapo mnatafuta kwa kubadilisha rapala mpaka mguswe.

Na usiku wa giza wavuvi wa dagaa wakiwasha taa zao, dagaa wanakusanyika na sangara wako chini yao. Alfajiri wakishavuta nyavu na kuondoka, pita maeneo hayo, ni saa nzuri kuliko zote. Ila wakiwa bado kazini kaeni mbali, na boya za makila (nyavu za kutega) za watu mziheshimu, rapala ikinasa kwenye wavu wa mtu mmemchania mali yake, kata uzi wako usikate wavu wake.

Siku rapala hazifanyi kazi mnaweza kutia nanga pembeni ya mwamba na kutumia chambo hai. Kambale mdogo anakaa hai muda mrefu kuliko furu, ndoano ya duara saizi 8/0 mpaka 10/0 ipite nyuma ya pezi la mgongo. Hapa usipige fimbo kwa nguvu, sangara akichukua acha uzi ukaze wenyewe, ndoano ya duara inajipeleka pembeni ya mdomo, ukiipiga unaitoa. Usitumie sato wadogo kama chambo, sato chini ya sentimita 25 hawaruhusiwi kuvuliwa.

Sangara naye, chini ya sentimita 50 rudisha, ni sheria, na pitieni kwa afisa uvuvi wa halmashauri mpate leseni kabla ya msimu. Mkitaka kuvua ndani ya maji ya Rubondo ile ni hifadhi, kibali ni cha TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Mimi naomba zaidi ya sheria, wale wa mita moja na kuendelea karibu wote ni majike, ndo mama wa ziwa, na najua mabondo, vile vibofu vya hewa vya sangara, yana bei na mtu akimwona mkubwa anawaza mabondo, lakini nyie mnavua kwa kupenda, wale wa kati wanatosha nyumbani. Kumrudisha vizuri kuna namna yake. Msimning'inize kwa taya, uti wake haukuumbwa kwa uzito huo hewani, mpigeni picha akiwa amelazwa au akiwa majini. Mshike taya, mtumbwi uende mbele polepole maji yapite kwenye mashavu mpaka apige mkia mwenyewe. Akitoka chini sana bondo linajaa hewa na tumbo linatokeza mdomoni, msimtoboe, mrudisheni chini kwa kamba yenye chubwi zito na ndoano isiyo na ncha ya kurudi nyuma, akifika kina chake mnaivuta inachomoka. Na ndo maana kama mnataka kurudisha samaki msivue zaidi ya mita 12 hivi.

Jaketi okozi mvae, sio mkalie. Ziwa linaweza kuwa limetulia, mara radi na mawimbi, wingu jeusi likianza kujenga vuta rapala mrudi, fimbo iliyosimama kwenye mtumbwi kipindi cha radi ni hatari.

Kwahiyo mpangilio wa manunuzi kwa wewe uko hivi: ndoano na pete nzito na tupa wiki hii, uzi wa kusuka na nailoni nene mwezi huu, kifaa cha kupima kina baadae, rili ya ngoma na fimbo fupi mwisho kabisa. Ile 4000 na fimbo ya futi 7 usiuze, jaza uzi wa kusuka wa ratili 30, funga samaki wa raba mwenye kichwa cha risasi gramu 30 au 40, mkishamaliza kuburuta zimeni injini muelee pembeni ya mawe, rusha, acha izame mpaka chini huku unahesabu, vuta polepole kwa kuinua na kushusha. Kwa sangara wa kilo 3 mpaka 8 ni kifaa kizuri sana hicho, na akigonga unamsikia mkononi.